Filta ya printa ipo, kompyuta inadai kuna faili halipo. Nitajuaje liko kwenye kifurushi gani?

MamaSteshenari_Mwanga

Habari za mchana wakuu. Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini: kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti, na msimu huu fomu za watoto wanaojiunga na shule. Kompyuta ni moja, ya mezani, na tangu mwaka jana ina Debian 12, aina ya Linux. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeiweka, baada ya mimi kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja. Mtu anachomeka flashi, mafolda yote yanageuka shotikati, halafu ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeila barua yake ya kuomba kazi. Tangu nihamie Debian flashi zinachomekwa na kuchomolewa, hakuna anayelia. Kwa hilo sirudi nyuma, kwa hiyo wale wa "rudi Windows" wapumzike mapema.

Shida ni printa. Niliyoizoea ilikufa, nikanunua leza ya mtumba. Kampuni siitaji, sitaki ugomvi. Draiva ya Linux kwenye tovuti yao ipo, ila ni ya kale: faili moja la tar.gz, ndani yake skripti ya kusakinisha. Nimeiendesha kwa sudo, ikaandika imemaliza, printa ikatokea kwenye orodha. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Kimya. Nikifungua localhost:631, ukurasa wa kusimamia printa, naona kazi imesimama na maneno "Filter failed".

Mpwa wangu yuko chuoni na simu yake inapatikana usiku tu, basi nikaanza kuhangaika mwenyewe. Nimegundua filta ya hiyo draiva, ile programu ndogo inayoitafsiria printa kazi, imewekwa hapa (jina nimelibadilisha):

`/usr/lib/cups/filter/rastertoprinta`

Nikaiita kwenye terminali nione italia nini. Ikalia hivi:

`bash: /usr/lib/cups/filter/rastertoprinta: cannot execute: required file not found`

Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Faili linalohitajika halikupatikana. Sawa. Lipi? Ni kama mteja aje dukani aseme "nipe ile karatasi", ukimuuliza karatasi gani anakujibu "ile inayotakiwa". Filta yenyewe ipo, naiona kwa ls, ruhusa zake ni rwxr-xr-x, imekaa palepale.

Sasa nauliza mawili kwa mpigo. Nitalijuaje jina la hilo faili? Na nikishalijua, nitajuaje linatoka kifurushi gani ili niseme apt install (amri ya Debian ya kusakinisha) nimalize? Nimeshabahatisha majina, nimesakinisha vifurushi sita ambavyo hata kazi yake siijui, na bando limebaki MB mia tatu na ushee mpaka kesho asubuhi.

chizi_wa_bando

Kifurushi cha siku, cha wiki au cha mwezi?

MamaSteshenari_Mwanga

Nilijua tu kuna mmoja atakuja na hiyo.

root_wa_Kasulu

Dada pole. Kwa Debian hapo kuna amri mbili na watu huzichanganya kila siku. Faili likiwa tayari liko kwenye mashine na unataka kujua nani kalileta:

`dpkg -S /usr/lib/cups/filter/rastertoprinta`

Faili likiwa halipo, dpkg haikusaidii kitu, maana inasoma daftari la vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa tu. Hapo unahitaji apt-file, ambayo inatafuta hata ndani ya vifurushi ambavyo bado viko kwenye hazina ya Debian:

`sudo apt install apt-file`
`sudo apt-file update`
`apt-file search jina-la-faili`

Anza na ya dpkg utuletee majibu.

MamaSteshenari_Mwanga

Nimefanya. Majibu:

`dpkg-query: no path found matching pattern /usr/lib/cups/filter/rastertoprinta`

Yaani filta haina mwenyewe? Faili nalitazama kwa macho yangu!

Na ile apt-file update nimeianzisha, nikaona MB zinavyoondoka nikaikata kwa Ctrl+C. Inashusha nini, nchi nzima?

Isevya_Fundi

Mama shikamoo. Niko Tabora, Isevya, kompyuta za watu ndizo zinazonilisha.

Jibu la dpkg ni sahihi, usishtuke. Filta imeletwa na skripti ya kampuni, haikupitia apt, kwa hiyo dpkg haina habari nayo. Ni mzigo uliopandishwa behewani bila stakabadhi: upo, unaonekana, ila karani wa stesheni akifungua kitabu chake haoni jina. Kila faili lililonakiliwa kwa mkono, na hata yale yanayozaliwa baada ya usakinishaji, kama ya kwenye /etc/cups/ppd, dpkg -S italikana. Na hapo ndipo ugonjwa wako ulipoanzia. Apt ikileta kitu, inakileta na ndugu zake wote kinaowategemea. Skripti imekuletea filta peke yake, ikaaga.

Tuje kwenye jina la faili. Usibahatishe tena, iulize filta yenyewe:

`file /usr/lib/cups/filter/rastertoprinta`

Lete mstari mzima. Ninachokitafuta ni kile kinachofuata baada ya neno "interpreter".

Kuhusu bando umeuliza vizuri. Apt-file update inashusha orodha ya kila faili lililomo ndani ya kila kifurushi cha Debian, uwe nacho au usiwe nacho. Ni makumi ya MB. Halafu kuna jambo ambalo wanaoisifia hawalisemi: ukishakuwa nayo, hata sudo apt update yako ya kawaida inaanza kuzivuta orodha hizo kila zikibadilika. Mimi dukani ninayo kwa sababu naitumia kila siku. Wewe chukua simu, fungua packages.debian.org, shuka mpaka sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya vifurushi, andika jina la faili, chagua bookworm, ambayo ndiyo Debian 12. Jibu ni lilelile na bando hata halishtuki. Apt-file yenyewe itoe kwa `sudo apt purge apt-file`.

MamaSteshenari_Mwanga

Marahaba mwanangu. Nimeitoa. Mstari huu hapa:

`ELF 32-bit LSB executable, Intel 80386, version 1 (SYSV), dynamically linked, interpreter /lib/ld-linux.so.2, for GNU/Linux 2.6.9, stripped`

Nimechungulia /lib, kweli hilo ld-linux.so.2 halipo. Nikaingia kwenye ile tovuti kwa simu nikaandika jina. Imeniletea libc6-i386, halafu libc6 iliyoandikwa i386 pembeni, halafu kuna nyingine yenye mkia wa -cross. Lakini libc6 si ninayo? Nimeandika dpkg -l libc6 inaniambia ipo. Nisakinishe mara ya pili kitu ambacho ninacho?

Isevya_Fundi

Umeshafika, mama. Umebakiza kutoboa ukuta mmoja.

Soma mwanzo wa ule mstari: 32-bit. Mashine yako ni ya biti 64, na libc6 uliyonayo, maktaba ya msingi ya karibu kila programu, ni ya biti 64. Filta imeundwa enzi za biti 32, na programu ya namna hiyo haianzi yenyewe. Kuna faili dogo linaloitangulia, linaloipakia kwenye kumbukumbu na kuitafutia maktaba zake. Kwa biti 32 faili hilo ni /lib/ld-linux.so.2. Kwa biti 64 ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, na hilo unalo. Filta inagonga mlango wa kwanza, ndani hakuna mtu, bash, inayopokea amri zako kwenye terminali, inakuletea taarifa ya msiba bila kutaja marehemu.

Katika yale matatu, ya -cross iache, ni ya wanaotengeneza programu za mashine nyingine. Libc6-i386 nayo iache, ingawa faili unalolitaka limo. Inakupa libc ya biti 32 na kuishia hapo, na filta ya printa haiwezi kuishi kwa libc tu, itataka na maktaba za CUPS, mfumo wa Linux wa kuprinti. Chukua njia ya wazi, iambie Debian kwamba mashine hii inapokea vifurushi vya aina mbili:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libc6:i386`

Ile nukta mbili na i386 mwishoni (i386 ni biti 32, amd64 ni biti 64) ndiyo jibu la "si ninayo". Jina moja, mtoto mwingine. Apt update hapo itashusha orodha za ziada za i386, kwa hiyo andaa MB kadhaa. Ukimaliza iite filta tena. Itakufa tena, lakini safari hii itamtaja muuaji.

BabuTerminali

Naongezea mawili, fundi kamaliza sehemu kubwa.

Moja, dada shukuru una bash 5.2. Bash za nyuma, mpaka 5.1, katika hali hiihii zilikuwa zinaandika "No such file or directory" na kuweka jina la filta yenyewe. Yaani faili unaliona kwa ls, ukiliita unaambiwa halipo. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo nikiwa Ujiji kwa shemeji, nikafika mahali nikaanza kushuku diski imekufa. Shemeji akaniambia nizime nikaoge ziwani, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri kuliko yote yaliyotolewa siku ile.

Mbili, dpkg -S ina tabia ya kukana hata faili ambalo lina mwenyewe, kwa sababu ya njia tu. Jaribuni kwenye Debian 12:

`dpkg -S /usr/bin/ls`

Itasema hakuna. Sasa andikeni /bin/ls, itajibu coreutils bila kusita. Siku hizi /bin ni kiungo tu kinachoelekea /usr/bin, na /lib vilevile inaelekea /usr/lib, lakini kifurushi kilijiandikisha kwa anwani ya zamani na dpkg inalinganisha herufi kwa herufi. Ndiyo maana kule kwa wengi kupachika `which`, amri inayotaja njia ya programu, ndani ya dpkg -S kunawatupa. Mimi huandika nyota, mkwaju na jina la mwisho tu, `dpkg -S '*/ls'`, nikapepeta majibu kwa macho. Java nayo ina mchezo wake: /usr/bin/java ni kiungo kilichotengenezwa na mfumo wa alternatives, hakimilikiwi na kifurushi chochote. Kifuateni kwa readlink -f mpaka faili la kweli, ndipo mumuulize dpkg.

MamaSteshenari_Mwanga

Nimerudi. Nimechelewa kwa sababu alikuja mtu wa kopi mia na ishirini, na huyo hakatiwi.

Fundi, imekuwa kama ulivyotabiri. Libc6:i386 imeingia, nimeiita filta, imekufa na imetaja:

`error while loading shared libraries: libcupsimage.so.2: cannot open shared object file: No such file or directory`

Nikajisemea sasa nimekuwa mtaalamu, nikaandika dpkg -S libcupsimage.so.2. Ikajibu:

`libcupsimage2:amd64: /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libcupsimage.so.2`

Hapo nikacheka peke yangu dukani, mteja akaniuliza kuna nini. Amd64! Ninayo, ila ni ya yule mtoto mwingine. Kwa hiyo ni libcupsimage2:i386, au nimekosea?

root_wa_Kasulu

Hujakosea. Na umegusa njia ambayo haihitaji bando hata kidogo: ukiwa na maktaba ileile ya biti 64, dpkg -S inakupa jina la kifurushi bure, wewe unabadilisha mkia tu.

Kabla hujaisakinisha, angalia kama kuna nyingine zinazokosekana, usije ukafa moja baada ya nyingine:

`ldd /usr/lib/cups/filter/rastertoprinta | grep "not found"`

Ungeiendesha ldd kabla ya kuweka libc6:i386 ingekujibu "not a dynamic executable" ikakupoteza zaidi. Sasa itasema ukweli.

MamaSteshenari_Mwanga

Tatu:

`libcupsimage.so.2 => not found`
`libcups.so.2 => not found`
`libstdc++.so.6 => not found`

Isevya_Fundi

Hapo hata simu usiitoe mfukoni. Tazama majina yanavyojengwa: libcups.so.2, toa ".so." katikati, inabaki libcups2. Libstdc++.so.6 inakuwa libstdc++6. Mara nyingi inakubali, si mara zote, kwa hiyo usiifanye dini.

`sudo apt install libcupsimage2:i386 libstdc++6:i386`

Libcups2:i386 itakuja yenyewe ikimfuata libcupsimage2.

Wenye Debian 13 na Ubuntu 24.04 wakipita hapa wajue kwamba kwao baadhi ya majina yameota mkia mwingine. Libcups2 kwao ni libcups2t64, matokeo ya kazi ya kurekebisha saa za mifumo ya biti 32 zitakazojaa mwaka 2038. Kwao ni bora kutafuta kwenye tovuti kuliko kukata jina kwa kichwa. Mama wewe uko kwenye 12, halikuhusu.

Na vile vifurushi sita ulivyobahatisha, fungua /var/log/apt/history.log. Kila ulichosakinisha kimeandikwa humo, tarehe na saa. Vitoe kimoja kimoja, na ukiona apt inataka kuondoka na kitu unachokijua, sema hapana.

mgeni_fedora

Samahani kuingilia, mimi natumia Fedora, Linux ya aina nyingine, kwangu hizi amri hazipo kabisa.

BabuTerminali

Faili lililopo: `rpm -qf /njia/ya/faili`. Lisilopo: `dnf provides '*/libcupsimage.so.2'`, na hizo alama za kunukuu usizisahau, la sivyo shell inaweza kuimeza nyota kabla dnf haijaiona. Jirani yako wa Arch yeye ni pacman -Qo kwa lililopo na pacman -F kwa lisilopo, baada ya kuendesha pacman -Fy mara moja kama mkuu wa mashine.

chizi_wa_bando

Natoa utani wangu wa mwanzo. Nimejaribu kwenye laptopu yangu, ile michezo yangu miwili iliyokataa mwaka mzima ilikuwa na kesi hiihii ya ld-linux. Mwaka mzima!

MamaSteshenari_Mwanga

Wakuu, imekubali.

Nimesakinisha mawili, apt ikavuta mengine pembeni. Nikaita ldd, hakuna tena "not found". Nikaita filta, safari hii ikaniambia nimeiita vibaya, inataka namba ya kazi na jina la mtumiaji na sijui nini. Sijawahi kufurahi namna hiyo kugombezwa na programu. Nikaenda localhost:631, kazi niliyoiacha imesimama nikaianzisha upya. Printa ikakohoa mara mbili, ikameza karatasi.

Bando limebaki MB arobaini na moja. Kwenye history.log nimevikuta vyote sita, na kimoja kumbe ni kamusi ya Kireno. Jinsi kilivyoingia sijui, na mpwa wangu asijue.

Daftari la madeni nimelifungua ukurasa wa nyuma nikaandika: file, halafu ldd, halafu dpkg -S, halafu ile tovuti. Limekaa juu ya majina ya wanaodaiwa laminesheni, kwa hiyo halitapotea.

Fundi wa Isevya, sema kama mna mtu anayepanda treni wiki hii kutoka huku, nimpe dagaa akufikishie.

Isevya_Fundi

Mtu sina, lakini kwa dagaa wa Kigoma nitamtafuta mpaka nimpate. Asali yako itarudi kwa behewa hilohilo. Ukurasa umetoka safi?

MamaSteshenari_Mwanga

Wa kwanza na wa pili safi. Wa tatu umetoka na mstari mweusi ubavuni, juu hadi chini. Nimefungua mfuniko nikaitikisa tona, wa nne una mstari mwembamba zaidi. Hiyo siwaulizi, hiyo naijua.